Wasifu wa Kitasa, na Siku Kumi na Nane Ambazo Mwalimu Alinyamaza

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitasa, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Februari 1989, saa tisa alasiri, katika hospitali ileile alikofia. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi seremala na mkewe, mshona mapazia. Mimi dada yake ninayesoma haya ndiye mtoto wa kwanza. Nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka minne, na maisha yetu yote nilikuwa nikimtangulia kusema, kwa sababu yeye alijaliwa upole na mimi sikuukuta.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu karatasi mlizoshika. Baba Mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alipitisha wasifu wa ukurasa mmoja. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Marehemu aliacha masomo akiwa kidato cha pili kwa sababu zilizokuwa nje ya uwezo wake." Sentensi safi kabisa, imepigwa pasi mpaka mikunjo yote ikaisha. Lakini mimi ninafanya kazi kwenye duka la kuchapa, na ratiba hii nimeichapa mimi. Wasifu una kurasa nne, nakala ni mia tatu. Baba Mkubwa, nisamehe. Akitokea mtu wa kunizimia kipaza sauti, watu watajisomea.

Utotoni marehemu hakuwa na mchezo mwingine ila vitasa na kufuli. Baba alikuwa akileta nyumbani milango mibovu ya wateja, naye alikaa chini ya meza ya kazi akifungua na kufunga bawaba mpaka anaitwa kula. Alipokuwa na miaka sita, Shangazi alikwama bafuni, kitasa kimegoma, Baba yuko kazini, Mama anapiga mlango kwa mwiko. Mdogo wangu akachukua waya wa hanga, akaupinda kwa meno, akapiga magoti mbele ya tundu la ufunguo. Halafu akasita kwanza, akauliza: "Shangazi, umevaa?" Shangazi akajibu, "Subiri!" Akasubiri. Ndipo jina Kitasa lilipoanza, na Shangazi yupo hapa, anaweza kuwaambia kwamba mlango ule ulifunguka bila hata kukwaruzwa rangi.

Elimu ya msingi aliianza mwaka 1996 akaimaliza 2002 bila kelele. Januari 2003 alijiunga na sekondari, ile ya geti la bluu mnayoijua. Shule ile ilikuwa na daftari moja kubwa lenye jalada gumu la kijani, Daftari la Nidhamu, na lilikuwa mikononi mwa mwalimu wa nidhamu. Kila kosa liliandikwa, likapewa namba, likalipwa kwa viboko. Wimbo wa mwalimu huyo ulikuwa mmoja: "Samaki mkunje angali mbichi." Mimi nimekaanga samaki maisha yangu yote. Ukimkunja kwa nguvu zako zote, hata awe mbichi namna gani, anavunjika mgongo.

Mwalimu huyo wa nidhamu leo ni Mkuu wa Shule ileile. Yupo hapa, kiti cha mbele, kushoto kwa Baba Mkubwa, suti ya kijivu. Msihangaike kukunja shingo, hana pa kwenda. Kamati ilidhani amekuja kwa hiari. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyempigia simu, nikambembeleza kwa sauti ya asali, nikamwambia bila yeye mazishi hayatanoga. Nisingependa aya zinazofuata azisikie kwa kuhadithiwa.

Katika mwaka mmoja na miezi minne marehemu aliandikiwa makosa kumi na manne. Nimeyasikia kwa masikio yangu, maana baadaye yalisomwa mbele ya watu. Kosa la kwanza: kuchelewa dakika tano. La tatu: shati kutoka nje ya suruali. La sita: kucheka wakati wa mstari wa asubuhi. La tisa: kumtazama mwalimu usoni. La kumi: kuinamisha uso alipoulizwa swali. Sasa niambieni, mtoto huyo macho alitakiwa ayaweke wapi, mfukoni? Kwa kila kosa alipigwa, na mara tatu alirudishwa nyumbani wiki nzima, akakosa masomo, akirudi hajui wenzake wamefika wapi, akaandikwa tena kwa kutojua.

Alhamisi tarehe 13 Mei 2004 mwalimu wa nidhamu alipoteza ufunguo wa kabati lake. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na Daftari la Nidhamu pamoja na fungu la viboko. Aliona aibu kumwambia mkuu wa wakati ule, maana ulikuwa ufunguo wa tatu kupoteza. Akamwita marehemu wakati wa mapumziko, akafunga mlango wa ofisi. "Wewe si ndiye Kitasa? Fungua hili, na utie gundi mdomoni." Mdogo wangu akatoa waya. Mwalimu hakumaliza hata kikombe chake cha chai, kabati likawa wazi. Mtoto mwingine angechomoa lile daftari akalitupa chooni. Yeye alisogea pembeni akasema, "Tayari, Mwalimu," akarudi darasani.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 17 Mei, darubini ya maabara haikuonekana kabatini. Kufuli halikuvunjwa. Mbele ya shule nzima mwalimu wa nidhamu akasema: "Hapa yupo mtu mmoja tu anayefungua kufuli bila ufunguo. Nimemwona kwa macho yangu mwenyewe." Hakusema alimwona wapi. Marehemu, ambaye hakuwahi kumjibu mtu mzima, siku hiyo alijibu: "Mwalimu, si ulinituma wewe?" Hilo likawa kosa la kumi na tano, kumjibu mwalimu hadharani. Alipigwa viboko kumi na viwili, na viboko vyenyewe vilitoka kwenye kabati alilolifungua yeye.

Jioni akaja nyumbani na barua yenye muhuri. Ilisema mzazi ampeleke mwanafunzi kituo cha polisi akahojiwe, vinginevyo asirudi shuleni. Mwalimu alimpigia Baba simu, akalainisha maneno: "Mzee, ni kumtisha tu. Anakaa masaa mawili, ananusa jela, anarudi mtoto mwema. Wazazi wengi wanafanya hivyo, wananishukuru." Na kweli wazazi wengi walifanya hivyo, nanyi mlio hapa mnajijua. Baba alikuwa mtu wa kuamini walimu. Akatia sahihi chini ya barua, akidhani anathibitisha kuipokea. Juu ya sahihi hiyo paliandikwa kwamba mzazi anakubali kwamba mwanawe anashukiwa wizi.

Nilimuuliza Baba juzi kama sehemu hii niiruke. Akasema: "Soma. Langu usilifiche, maana ukilificha langu, na lake halitaaminika." Basi nasoma. Jumanne tarehe 18 Mei, saa tano asubuhi, Baba alimshika mwanawe mkono mpaka kituoni. Polisi wa kaunta alielewa mara moja, hata akamkonyeza Baba. "Saa nane njoo umchukue, Mzee. Atakuwa amenyooka." Baba akaenda kumnunulia mkate na soda. Saa saba zamu ikabadilika. Yule wa kukonyeza alikuwa na haraka, akaondoka bila kuacha neno. Baba aliporudi saa nane alimkuta polisi mwingine, kijana anayejua kazi yake, mwenye barua mezani.

"Mzee, hapa nina mtuhumiwa, nina barua yenye muhuri, nina sahihi yako. Nimwachie mwizi kwa sababu ni wako?"

"Tulikubaliana na mwenzako ni kumtisha tu."

"Mwenzangu hajaandika kutisha. Kesho mahakamani."

Baba alirudi nyumbani na ule mkate. Uliliwa na nani sijui, sisi hatukuugusa. Kesho yake mdogo wangu alisomewa shtaka la wizi, kesi ikaanza.

Sasa naomba utulivu. Jumatatu tarehe 7 Juni 2004 mwalimu wa biolojia alirudi kutoka likizo ya uzazi. Akafungua sanduku lake la vifaa alilolifungia chumba cha nyuma kabla hajaenda kujifungua, akatoa darubini. Aliihifadhi mwenyewe ili isichezewe. Mtunza maabara alikuwepo, akaifuta vumbi, akakimbia nayo mpaka ofisi ya nidhamu akidhani analeta furaha. Mwalimu wa nidhamu aliitazama, akasema: "Irudishe kabatini. Mambo yameshafika mahakamani, tukigeuka sasa shule itachekwa. Na wewe kazi yako unaipenda?" Mtunza maabara alikuwa na watoto watano. Akanyamaza.

Hukumu ilisomwa Ijumaa tarehe 25 Juni. Kutoka tarehe 7 mpaka tarehe 25 ni siku kumi na nane. Kutoka geti la bluu mpaka mahakamani ni mwendo wa robo saa kwa mguu, kuna mti wa kivuli njiani na duka la soda. Mwalimu alikuwa na siku kumi na nane za kutembea robo saa. Na hiyo tarehe 25 alitembea kweli! Alikuja na suti, na Daftari la Nidhamu kwapani, akasimama kama shahidi, akasoma makosa yote kumi na matano kwa sauti ya darasani. Darubini wakati huo ilikuwa kabatini, inatazamiwa majani na kidato cha tatu. Hakimu aliposikia "kosa la kumi na tano" hakuuliza tena habari ya darubini. Akasema mtoto huyu ni sugu, akampa miaka mitatu katika shule ya kurekebisha tabia. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, nina miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo sijawahi kumsamehe Mwalimu hata kwa dakika moja. Mtenda husahau, mtendwa hasahau, na dada wa mtendwa ndiye mbaya zaidi.

Miaka mitatu ile marehemu alijifunza kufuma vikapu, jambo asilolipenda, na mambo mengine kutoka kwa wavulana waliokuwa wezi wa kweli, ambayo hakuyatumia. Mama yetu alifariki Oktoba 2006. Marehemu aliomba ruhusa ya siku moja aje kumzika. Mkuu wa pale akafungua jalada, akakuta barua ya shule na neno "sugu", akakataa. Alimzika Mama kwa kusimuliwa.

Alitoka Juni 2007. Alipata kazi kwenye karakana ya milango ya chuma, bosi akampenda, mpaka alipotakiwa kuleta cheti cha tabia njema kutoka polisi. Hakukipata. Akajaribu kwingine mara nne, kila mahali wakitaka cheti kilekile. Hatimaye mwaka 2009 alijifungulia kibanda chake mwenyewe cha kuchonga funguo, karibu na stendi: jiliwa moja la kubania chuma, tupa tatu, mashine ya mkono na ubao wa funguo zilizoning'inia. Watu waliofungiwa nje walimwita, naye kabla ya kufungua mlango wowote alitaka mashahidi wawili na kitambulisho cha mwenye nyumba. Wateja walimcheka wakasema ana masharti ya benki. Alikuwa anajilinda.

Hapo ndipo wifi yangu alipotokea. Alikuwa mshonaji, na ufunguo wa duka lake ulikatikia ndani ya kufuli. Marehemu akachomoa kipande, akamchongea mpya. Wiki iliyofuata wifi akarudi akisema ufunguo unakwama. Haukukwama. Akarudi tena. Mara ya tatu marehemu akamwambia, "Dada, huu ufunguo mzima kuliko mimi. Sema shida yako." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 4 Desemba 2010, na tarehe 2 Oktoba 2011 wakajaliwa binti.

Binti alikuwa na miezi mitano polisi walipokuja kibandani, Machi 2012. Duka la dawa lilikuwa limeibiwa na kufuli halikuvunjwa. Wiki moja kabla, mwenye duka alikuwa amechonga funguo kwa marehemu, kama watu arobaini wengine. Polisi hawakuwatafuta wale arobaini. Walisema, "Wewe tuna jalada lako tangu 2004." Mahakamani shahidi mkubwa alikuwa karatasi ya zamani. Alifungwa miaka minne, akakaa mitatu na miezi minane, katika chumba cha watu ishirini wanaume sitini. Huko ndiko alikopata kifua kikuu. Alitoka Novemba 2015, na binti yake, ambaye sasa alikuwa na miaka minne, alimtazama kwa siku mbili akamuuliza mama yake pembeni: "Huyu mgeni anaondoka lini?" Marehemu alisikia, akacheka, halafu akatoka nje akakaa muda mrefu.

Ugonjwa ulitibiwa, lakini mapafu yalikuwa yameshaliwa. Alifanya kazi akikohoa kwa miaka minane, akamfundisha binti yake kutumia tupa na kusoma meno ya ufunguo. Mwaka 2023 pumzi zikaanza kumkatikia ngazini. Tarehe 20 Julai mwaka huu alilazwa wodi namba sita, kitanda cha dirishani.

Siku nne baadaye mtunza maabara, sasa mstaafu mwenye fimbo, alikuja kumwona. Alisimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi, akamweleza habari ya darubini na tarehe 7 Juni, yote. Mimi nilikuwepo. Nilitaka kumrukia yule mzee. Marehemu akacheka mpaka mashine ikalia, nesi akaja mbio. Alipopata pumzi akasema: "Asante, Mzee. Miaka ishirini nilikuwa nafikiri labda niliiba nikasahau."

Nikamwambia, "Kaka, huyu mwalimu nitamvua nguo mbele za watu."

"Mimi sina nguvu ya kisasi, Dada."

"Mimi ninayo. Yako na yangu."

"Basi fanya unavyotaka. Mimi naomba moja tu. Mwanangu asipite kwenye lile geti."

Mtunza maabara aliandika maelezo yake, akayatia sahihi mbele ya wakili tarehe 2 Agosti. Nakala moja iko mahakamani, tumeomba jina la marehemu lisafishwe. Nakala nyingine ilipokelewa na mwajiri wa Mwalimu jana saa nne asubuhi, na nina muhuri wa kuipokea. Kama Mwalimu alikuwa bado hajapigiwa simu, pole, habari ndiyo hiyo.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 11 Agosti 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Alikuwa na miaka thelathini na mitano.

Siku ya tatu ya msiba Mkuu wa Shule alituma bahasha. Ndani mlikuwa na fomu ya nafasi ya binti wa marehemu, kidato cha kwanza, Januari, bila ada, "kama rambirambi ya shule kwa familia." Baba Mkubwa alishukuru kwa niaba yetu kabla hata ya kutuuliza. Alisema, "Mkono unaokupa usiuume." Baba Mkubwa, mkono huu ndio uliokuwa umeshika kiboko. Fomu ile ilihitaji sahihi ya mzazi. Wifi yangu aliisoma mara mbili, kila mstari, hata maandishi madogo ya chini, ambako imeandikwa mzazi anakubali nidhamu yote ya shule. Akafunika kalamu. Alisema: "Nyumba hii ilishatia sahihi moja kwa mtu huyu. Inatosha." Binti ataenda shule nyingine, ya mbali zaidi, mabasi mawili, na sisi tutalipa. Fomu ninairudisha sasa hivi, ikiwa tupu. Nimeiweka kwenye kiti, Mwalimu, karibu na mkono wako.

Marehemu ameacha baba mzazi, mke, binti mmoja wa miaka kumi na miwili, shangazi aliyefunguliwa mlango naye, na mimi dada yake. Ameacha pia wateja ambao milango yao inafunguka mpaka leo. Kitasa alale kwa amani, ameipata kwa shida. Wewe, Mwalimu, amani sikuombei.

Kwenye ratiba, namba inayofuata ni salamu za Mkuu wa Shule. Mtunza maabara amekaa mstari wa tatu, mwenye fimbo. Watu mia tatu wana tarehe mikononi. Simama, Mwalimu, utuambie ulikuwa wapi kutoka tarehe 7 mpaka tarehe 25.